Bei ya Duka Lisilo na Mlango

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha asubuhi kimepungua. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kukaa. Naandika kwa sababu mara ya mwisho tulipopigiana simu tulipayuka dakika kumi, mimi nikisema "mkataba", wewe ukisikia "mkate", mpaka ukaniambia nikuandikie kama watu wa zamani. Haya, naandika.

Kwanza nina jambo la kukiri. Ile ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilipunguza watu Juni mwaka jana, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sikukuambia. Kila uliponiuliza habari za ofisini nilijibu salama, na kweli ofisi ni salama, mimi tu ndiye simo.

Sasa nafanya kazi chumbani, peke yangu. Natengenezea watu maduka mtandaoni. Duka la namna hii halina mlango wala rafu. Mtu anafungua simu yake, anaona picha za viatu, anachagua jozi, analipa hapohapo, na viatu vinapelekwa kwake. Kazi yangu ni kupanga hizo picha na bei, kikapu cha kutilia alichochagua, na mahali pa kulipia.

Kutengeneza naweza, baba. Kinachonishinda ni kutaja bei.

Mteja wangu wa kwanza anauza viatu, mimi namwita Bwana Viatu. Alinipigia akasema anataka duka dogo tu, kiasi gani? Nikataja kodi ya chumba changu ya mwezi mmoja, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikinisumbua siku ile. Alikubali haraka mno, nikajua hapohapo nimejipunja. Nilikadiria siku kumi. Zimekuwa wiki tisa. Viatu vilivyokuwa aina ishirini vikawa mia na kumi. Picha alizopiga zilionyesha vidole vya miguu yake, ikabidi nikazipige upya mwenyewe. Yeye akataka duka liwe jekundu, mkewe akataka kijani, shemeji yake akasema mbona halifanani na la jirani. Jana nimejumlisha saa zote. Mama anayefagia ngazi za jengo letu anapata zaidi yangu kwa saa, na yeye saa nane mchana anakwenda kwao.

Nimekaa nikakukumbuka wewe na suti zako. Suti nayo hujaishona lakini mtu anataka bei. Ulikuwa unaitajaje?

Msalimie shangazi.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, imekunjwa vibaya lakini inasomeka. Kikohozi kipo, tumezoeana. Shangazi yako anasalimia, anasema amekuota umekonda.

Habari za ofisi nimezisoma mara mbili. Miezi minane ni mingi ya kusema salama. Sitakugombeza kwa karatasi.

Kuhusu suti. Fundi mgeni anatazama kitambaa kwanza. Mimi nilianza na maswali. Kitambaa ni chako au changu? Bitana unataka, vifungo vya aina gani? Hayo yote yana bei inayojulikana na mtu hawezi kukubishia. Halafu nauliza inavaliwa lini. Suti ya harusi ya Jumamosi hii na suti ya kuendea kazini mshono ni uleule, lakini bei ni mbili, maana ile ya kwanza inanifukuza.

Mwisho namtazama mwenyewe. Kuna mtu anavaa, anakwenda. Kuna mwingine anajigeuza mbele ya kioo kama anayemtafuta aliyemwibia. Huyo nilimwongezea robo kimyakimya, na hakuwahi hata mmoja kunitia hasara.

Nusu ya pesa nilipokea kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Kujaribisha ni mara mbili, ya tatu unalipia. Niliandika kwenye kadibodi nikabandika ukutani, kwa sababu mdomo wangu ni mwepesi kusema "haya, bure", ila kadibodi haioni haya.

Hao wateja wako unawauliza maswali? Huyo wa viatu ulimuuliza ni viatu vingapi na nani atapiga picha? Naona hukumuuliza.

Duka langu lipo. Masikio ndiyo yanazidi kuniacha, wateja wengine wananiandikia viganjani.

Hujaniambia unakula na nani.

Baba yako


15 Machi

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Na kikohozi? Mimi mzima, na sijakonda, mwambie shangazi ndoto yake imekosea nyumba.

Nimefuata maneno yako. Nimeandika karatasi ya bei, nikaibandika juu ya meza ninapoweza kuiona nikiwa kwenye simu. Duka la bidhaa zisizozidi ishirini, bei moja. Zikizidi, kila kumi zina nyongeza. Picha nikipiga mimi, bei mbali. Maelezo ya bidhaa nikiandika mimi, bei mbali. Kuna jina la duka na nafasi yake mtandaoni, ambavyo hulipiwa kila mwaka, na hivyo analipa mwenyewe nisije nikaonekana nimemla. Nusu mbele. Marekebisho mara mbili, ya tatu na kuendelea yanalipiwa. Matunzo ya kila mwezi kwa anayetaka.

Bei nayo nimeipata kwa kukadiria siku, nikaongeza theluthi kwa ajili ya mashemeji.

Mteja wa kwanza kusomewa karatasi hiyo alikuwa mwanamke wa nguo za watoto. Akasema kuna mtu atamfanyia kwa nusu ya hiyo. Nikamwambia sawa, nikamtakia heri, nikakata simu, nikajiona kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

Wa pili alikubali bila kupunguza hata senti. Ni mjane mmoja anayetengeneza sabuni nyumbani kwake, aina saba tu. Namwita Mama Sabuni. Alituma nusu siku ileile. Duka lake lilikuwa tayari kwa wiki moja na marekebisho yake mawili aliyamaliza.

Sasa sikiliza upumbavu wa mwanao. Tuko kwenye rekebisho la kumi na nne.

Ananipigia kila siku saa nne asubuhi. Anasema ile sabuni ya karafuu ingetangulia ile ya limau. Kesho yake anasema hapana, irudi. Nabadilisha, kazi ya dakika tano. Ila tunazungumza saa nzima. Ananiuliza nimelalaje. Ananieleza goti lake, na mwanawe aliyeko mbali asiyepiga simu. Juzi aliniuliza naona nini dirishani, nikamwambia ukuta, akataka kujua ukuta wa rangi gani.

Karatasi ya bei iko mbele yangu muda wote, naisoma huku naye anazungumza, na sisemi kitu. Siku moja hakupiga. Ilipofika saa sita niliizima simu nikaiwasha, nikidhani imeharibika.

Umeniuliza nakula na nani. Nakula na kompyuta, baba. Mezani kuna kiti kimoja.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, usinihesabie. Afya si mbaya. Siku hizi kuna kimya huku.

Nitakuambia jambo ambalo hata shangazi yako halijui.

Mama yako alipofariki wewe ulikuwa shule ya bweni. Watu walikuja wakajaa, halafu wakaenda kwao, ndivyo inavyokuwa. Mimi nikafungua duka siku ya nane. Na nikaanza kuwaambia wateja warudi. Koti limemkaa mtu sawasawa, namwambia bega la kushoto linanitia wasiwasi, uje Jumanne. Jumanne namwambia ukosi. Wengine walipotoka niliwafumulia pindo nzima, ili wakirudi niwe na cha kushona huku wamekaa. Ile kadibodi ya mara mbili niliitoa ukutani.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, mtu mpole, aliyeleta kitambaa cha kijivu. Nilimrudisha mara tano. Mara ya tano alivaa, akanyoosha mikono, akajitazama, akasema, "Fundi, hili koti lilikuwa tayari wiki iliyopita."

Nikamwambia, "Lilikuwa tayari, mwalimu."

Hakucheka wala hakukasirika. Alilipa akachukua koti lake. Nilijua nimempoteza. Alhamisi iliyofuata akaja bila kitambaa, akakaa kwenye benchi na gazeti, akasoma mpaka nilipofunga. Akaja kila Alhamisi kwa miaka mitatu mpaka walipomhamisha.

Huyo alikuwa mmoja. Wengine hawakurudi. Walisema nimekuwa mtu wa kuchelewesha nguo za watu, na walisema kweli, na ada yako ya muhula ule nililipa kwa kukopa.

Kwa hiyo huo upumbavu si wako peke yako, umeurithi.

Maliza duka la huyo mama. Mtajie bei ya hayo ya ziada, hata ukipunguza, aijue. Halafu kama unapenda akupigie, mwambie kwamba unapenda akupigie. Hilo ni gumu kuliko kutaja bei. Mimi sikuweza. Mwalimu ndiye aliyenifanyia.

Baba yako


17 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeilaza chini ya mto. Sikujua. Nakumbuka likizo ile nilikuta kabati limejaa makoti ya watu, nikafikiri biashara imestawi.

Nimefanya ulivyosema, nusu yake.

Mama Sabuni alipopiga saa nne, nilimwacha amalize habari za goti. Nikamwambia duka limekamilika, linaweza kuanza kuuza leo. Nikamwambia marekebisho yaliyozidi ni arobaini na mawili, lakini nitamtoza manne tu, na nikataja kiasi.

Nilisikia redio yake nyuma, mtu anasoma matangazo ya vifo. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unahesabu."

Nikasema, "Sikuwa nahesabu, mama. Ndiyo maana nimechelewa kukuambia."

Akasema haya, mwanangu, nimeelewa. Kwa sauti nzuri tu. Nilikuwa nimeiandika ile sentensi ya pili kwenye karatasi, kwamba napenda anaponipigia na aendelee hata bila kazi. Ilikuwa pale mbele yangu, kwa herufi kubwa. Sikuisoma. Tuliagana.

Alilipa zote kabla ya saa saba. Hajapiga tena. Leo ni siku ya kumi na moja.

Biashara imekaa vizuri, ungefurahi. Nina wateja watatu wapya. Mmoja anauza mapazia, mmoja vipuri vya baiskeli, mmoja madaftari. Nawauliza maswali yako yote kabla sijataja bei, na nikishataja nanyamaza, siongezi "lakini tunaweza kuongea". Wote wamelipa nusu. Wananitumia marekebisho kwa maandishi, mawili, basi. Hakuna anayeniuliza naona nini dirishani. Kodi nimelipa mapema kwa mara ya kwanza, mwenye nyumba akanitazama kama mgonjwa.

Ningekuja kukuona mwezi huu, lakini kila mteja ana tarehe yake ya kukabidhiwa duka.

Duka linaendeleaje? Kile kimya ulichosema ni cha wateja au cha masikio?

Mwanao


22 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua ya mwezi uliopita ulipata? Hujanijibu. Nimempigia shangazi, amesema uko salama, mengine nikuulize mwenyewe. Sikupenda alivyolisema.

Mimi mzima. Wiki iliyopita niliingia kwenye duka la Mama Sabuni kama mteja, nikanunua sabuni moja ya karafuu kwa bei kamili. Nilitia jina langu. Kifurushi kikafika siku ya tatu, anwani imeandikwa kwa mkono wake. Nilikifungua polepole. Ndani kulikuwa na sabuni na risiti.

Tafadhali andika, hata mistari miwili.

Mwanao


9 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Barua zote mbili nilipata.

Duka nimelifunga. Si jana wala juzi, ni tangu Machi, baada ya kupokea barua yako ya Mama Sabuni. Ile ya Aprili niliiandika hapa kwa shangazi yako, kwenye chumba cha uani, nimekaa kitandani. Nikakuacha uamini niko kwenye cherehani.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja alileta koti la harusi, kitambaa cha bei mbaya, wamechanga ndugu. Alikuwa na mikono mirefu. Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni akasema, "Mikono usipunguze." Mimi nilisikia, "Mikono punguza." Nikapunguza. Nilikata mwenyewe, taratibu, nikijisifu kwamba mkono bado hautetemeki.

Alikuja kulichukua na kaka zake wawili siku moja kabla ya harusi. Walizungumza wote pamoja. Niliona midomo inakwenda na mishipa ya shingo, na sikujua wanasema nini. Nikaanza kucheka kidogo ili waone mimi ni mtu mwema, na nilipocheka ndipo walipokasirika kabisa. Yule kijana hakuwa amekasirika. Alikuwa amekaa kwenye benchi, ameweka koti magotini, anaivuta mikono kama itarefuka.

Nikamnunulia koti la dukani. Halikumkaa vizuri. Jumatatu nikauza cherehani kwa fundi wa mtaa wa pili, na mkasi nikampa juu yake, hakuulizia.

Wakati nakuambia umtajie Mama Sabuni bei, mimi mwenyewe sikuwa tena na cha kuuza. Ndiyo sababu nilishindwa kukujibu. Wewe uliniuliza duka linaendeleaje.

Hapa nalishwa vizuri. Shangazi yako anasema napayuka nikizungumza, kwa hiyo nimepunguza kuzungumza. Watu wakija kumtembelea wananisalimia, kisha wananizungumzia nikiwa palepale kama niko safarini. Asubuhi nakaa uani mpaka jua linifike miguuni, halafu naingia ndani.

Usije ukavuruga kazi yako kwa ajili ya hili. Umeanza kupata bei nzuri, ishike. Nilitaka tu ujue anwani ya kuandikia, ni ile ya shangazi.

Baba yako


20 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea asubuhi nikaisoma nimesimama kwenye ngazi. Mama anayefagia aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, baba yangu yuko hai. Akasema basi mbona unalia, akanipisha nipite.

Nimekuwa nikisema nisingeweza kuja kwa sababu ya kazi. Naomba nikwambie kweli. Kazi yangu yote ni kompyuta moja na waya wake. Wateja wangu sijawahi kuonana nao, hata mmoja. Yule wa mapazia hajui kama nakaa mji huu au mwezini. Ningeweza kufanya kazi hii kwenye meza ya shangazi tangu Julai mwaka jana. Sikuja kwa sababu niliondoka hapo na sanduku jipya na watu wakanisindikiza, na niliona aibu kurudi nikiwa sina ofisi. Mwaka mzima nimelipia kodi ya aibu, kila tarehe moja.

Nimewaandikia wateja wote watatu kwamba nitakuwa safarini siku mbili. Wa vipuri akajibu kama nachelewa basi nimpunguzie. Nikamwandikia kwamba tarehe yake haijabadilika na bei yake haijabadilika. Akajibu sawa.

Nimempigia Mama Sabuni pia. Safari hii karatasi sikuihitaji, maneno nilikuwa nayo kichwani. Iliita mpaka ikakatika. Nimempigia mara ya pili jioni, ikawa vilevile. Nitajaribu tena nikiwa huko, lakini huenda hatapokea, na itabidi niishi nalo.

Chumba nimekirudisha kwa mwenye nyumba. Meza na kiti nimempa mama wa ngazi. Shangazi nimezungumza naye, anasema kuna nafasi kwenye chumba chake na mtandao wa jirani unafika mpaka uani ukikaa upande wa tangi. Nitakaa upande wa tangi.

Hutahitaji kunisikia. Nimenunua daftari kubwa la kurasa mia mbili, kutoka duka la yule wa madaftari, na kalamu mbili, moja yako. Ukitaka kupayuka, payuka, mimi nitajibu kwa kuandika. Unieleze yule kijana alikuwa na sura gani. Unieleze mama alisema nini siku zake za mwisho, maana hujawahi kuniambia na mimi sijawahi kukuuliza. Na tukimaliza ya kusema tukae tu.

Basi linafika Jumamosi mchana. Nimeituma barua hii kwa dereva wa leo ili ikutangulie.

Usinijibu. Barua itafika huku ikikuta chumba hakina mtu.

Mwanao